Gari Nimeiacha Kwenye Tambarare

Makoko, Musoma
Alhamisi, alasiri

Masatu mwanangu,

Mwandiko huu uuvumilie. Mkono wa kulia nimeufunga kitambaa na kalamu inateleza. Usishtuke, nimeungua kidogo tu, habari yake itakuja huko mbele. Wewe saa hizi uko Butiama unamuaga bibi yako, na ninavyomjua mama yangu hatakuachia uondoke mpaka umalize ugali wa mtama na sufuria lenyewe, kwa hiyo nina muda. Nyumba imetulia. Begi lako liko pale mlangoni tangu jana, na kila nikipita nalikwepa kwa heshima kama vile limekuja kuposa mtoto wangu.

Sitakuandikia habari za kufua soksi, kuchemsha maji na kwenda kanisani. Hayo nimekuimbia tangu unajifunza kutembea. Kama hayajaingia, hayataingia leo. Nataka kukuandikia habari za stata ya gari.

Najua unacheka. Cheka tu.

Jumapili baada ya chakula uliniuliza, "Mama, hivi nikienda mwakani kuna ubaya gani?" Nikakuuliza mwakani kuna nini. Ukasema, "Si gari iwe imepona kwanza. Sasa nani atakuwa anakusukumia?" Mwaka jana ulisema hivyo hivyo, mwakani. Chuo kilikubali kukusubiri, na safari hii wamesema wazi kwamba nafasi yako usipoichukua atapewa mwingine. Wewe umetaka kutibu mifugo tangu ule mwaka ndama wa bibi yako alipokufa umemshika kichwa, ukalala bila kula. Leo unataka kuacha Morogoro kwa sababu ya pikapu ya dagaa! Nilikusanya vyombo nikaenda kuviosha. Ukadhani nimekasirika. Sikukasirika, mwanangu, niliogopa. Maana uliposema mwakani, kuna kitu ndani yangu kilifurahi. Kilisema, mwache abaki.

Hicho kitu nimekaa nacho tangu siku hiyo. Nimeamua nikuambie kilitoka wapi, ili kesho usiondoke ukigeuka geuka nyuma.

Mambo ya kupaki kwenye mteremko aliyaanza baba yako. Gari ilipoanza kusumbua kuwaka, akatafuta pale nyuma ya nyumba, njia inaposhuka kwenda ziwani, akawa anaiacha hapo pua ikitazama maji. Asubuhi anaachia hendibreki, gari inateremka yenyewe, anaingiza gia, inawaka. Akiulizwa habari ya fundi anasema, "Bado inapumua." Alikuwaga mtu wa kesho, baba yako, na mimi nilimpenda hivyo hivyo. Siku ambazo mteremko haukutosha alichukua kipande cha bomba, akalala chini ya gari na kuigonga stata mpaka ikubali. Tukaona ni kawaida. Tena tukajisifu, kwamba sisi gari yetu tunaijulia.

Kisha akafariki. Siku ya kumaliza matanga kule Nyegina, wazee wa ukoo wakakukalisha kwenye kiti chake. Unakumbuka? Baba yako mkubwa akakushika bega akasema, "Kuanzia leo mwenye nyumba ni wewe. Huyu mama yako, umtunze." Watu wakapiga makofi, na shangazi zako wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani, macho yangu yako sawa na miguu yako. Ilikuwa inaning'inia, Masatu. Haikufika chini. Nilipaswa kusimama, nikutoe kwenye kile kiti nikupakate. Badala yake nilifarijika. Nilisema moyoni, afadhali, nyumba ina mwanaume. Mwanaume mwenyewe alikuwa bado analala na taa.

Sisemi wazee walikosea. Ndivyo tunavyofanyaga, na wenyewe waliniwazia mema. Ila wao walisema mara moja wakaenda zao. Mimi nililipokea lile neno nikalifanyia kazi kila asubuhi.

Maana nilipoanza kuendesha mwenyewe kwenda kuchukua dagaa kwenye mialo ya wavuvi na kuwapeleka Bunda, siku ya kwanza kabisa nikakaa kwenye usukani, nikazungusha ufunguo, ikalia "ta!" ikanyamaza. Tena, "ta!" Nilikuwa nimesahau, niliipaki uwanjani. Nikainamisha kichwa kwenye usukani. Nikasikia kitasa cha mlango wa nyuma, ukatoka vifungo vya shati vimepishana, ukasema kwa sauti ya baba yako kabisa, "Mama, achia hendibreki." Sijui ulipata wapi nguvu. Jirani yetu Mama Nyangeta akaja kuongeza mikono, gari ikasogea mpaka kwenye mteremko, ikawaka. Nikaondoka nalia, na kwenye kioo nikakuona umesimama katikati ya njia unapunga mkono.

Tangu siku hiyo asubuhi zetu zilikuwa hizo. Nakumiminia chai, unakunywa nusu, naita "Masatu, sukuma!", unakimbia. Mteremko ukitosha, vizuri. Usipotosha, au mvua ikiharibu njia, bega lako. Nikirudi jioni nakuta kikombe pale kwenye benchi, chai imeganda utando juu, nzi ameingia. Nilikuwa naimwaga nje bila kuwaza. Chai ya miaka yote hiyo, jamani, sijui kama umewahi kuona sukari ilivyobaki chini.

Usidhani sikujaribu kuitengeneza. Nilijaribu kwa kichwa changu kigumu. Kwanza nilisema ni betri. Nani aliniambia? Hakuna, nilijiambia. Nikanunua betri mpya, nikaifunga kwa mbwembwe, nikakuita uje uone. "Ta!" Ukacheka mpaka ukakaa chini, na mimi nikakufukuza na kanga. Baadaye nikaenda kwa kijana mmoja wa barabarani, akatazama gari kwa mbali hata boneti hajafungua, akasema stata imekufa, akanifungia ya mtumba. Ikafanya kazi mpaka mvua za masika, ikarudia tabia, na wewe ukaanza kuigonga na bomba la baba yako. Basi nikasusa. Nikasema hii gari ndivyo ilivyo, ina wivu, inataka isukumwe. Hata ile Jumapili ilipogoma uwanjani Nyegina, pale misheni, kwaya nzima wakaisukuma na majoho yao huku mpiga kinanda anapiga kelele "moja, mbili!", niliona ni kichekesho cha kusimulia. Wewe hukucheka siku ile. Ulikuwa umeinamia mlango wa nyuma wa gari na shati lako jeupe, na ulikuwa umeona haya mbele ya wale wasichana wa sauti ya kwanza. Nililiona hilo. Nikaendelea kuchekesha watu.

Lakini linalonichoma siyo hilo. Ni ile asubuhi ya mtihani wako wa kidato cha nne. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, dagaa wangu wako kwenye magunia wameanza kuvuta unyevu, nina haraka, nimechanganyikiwa. Nikaita. Ukatoka na kompasi mkononi. Ukaiweka juu ya benchi, kando ya kikombe, ukasukuma. Gurudumu likakurushia matope kuanzia magotini mpaka kifuani. Nikasimamisha, nikatoa kichwa, nikakuambia "Asante, baba," nikaenda Bunda. Ulienda kufanya hesabu na matope yale. Jioni nikakuuliza mtihani ulikuwaje, ukasema mzuri tu. Kompasi nikaikuta pale pale kwenye benchi.

Hujawahi kulisema mpaka leo. Ningekuwa mimi, ningesema kila Krismasi.

Basi Jumatatu asubuhi ulinisukuma tena, na njia nzima ya kwenda Bunda nilikuwa nasikia sauti yako, nani atakuwa anakusukumia. Nikashusha mzigo, nikaenda moja kwa moja Nyasura kwa Fundi Wambura, yule mnene anayepiga soga. Sikuizima gari. Nikamwambia, "Wambura, leo sitaki unitengenezee. Nataka unionyeshe inaumwa nini."

Akaniangalia. "Mama Masatu, umeamua kunifungia gereji?"

"Nimeamua kujua kitu ninachokipanda kila siku."

Akasema izime. Nilisita, maana pale ni tambarare na wewe hupo. Nikazima. Akaniambia, "Washa taa kubwa. Halafu piga stata, macho yako yawe kwenye taa, siyo kwangu." Nikapiga. "Ta!" Taa zikabaki zinawaka kama kawaida. Wambura akasema, "Umeona? Betri ingekuwa imechoka, taa zingefifia. Betri yako nzima. Hapo ungekuwa unanunua betri bure." Sikumwambia kwamba nilishanunua. Akakagua na vichwa vya betri kama vimekaza, na waya mnene unaoshika injini, akavisugua, vikawa safi. Nikapiga tena. "Ta!" Ndipo akachukua kibalbu kidogo chenye waya, akakigusisha kwenye waya mwembamba unaotoka kwenye ufunguo kwenda kwenye stata. Nikazungusha, kibalbu kikawaka. "Haya," akasema, "wewe umeita, na sauti imefika. Huyu ndiye hajibu." Akaigonga na mpini wa nyundo huku mimi nimeshika ufunguo, ikazunguka. Kumbe ndani kuna vipande vidogo vinaitwa brashi, vinalika polepole kama kipande cha sabuni. Vikiisha havigusi vizuri. Ukigonga vinashtuka, vinagusa, gari inawaka, unaondoka unajiona fundi. Kesho vimelika zaidi.

"Sasa tulikuwa tunaigonga tu miaka yote?" nikamuuliza.

"Mlikuwa mnaibembeleza," akasema. "Kila mtu huku anabembeleza."

Nilikaa kwenye tairi pale gerejini kwake, nikashika tama. Niliona aibu, lakini zaidi niliona uchungu. Ugonjwa ulijulikana kwa taa na kibalbu, kabla hata chai haijapoa. Mimi nilikuwa naujibu kwa bega la mtoto, kwa sababu bega lilikuwepo na halikulalamika.

Wambura akataka kuifunga stata mpya hapo hapo. Nikainunua, lakini nikamwambia anionyeshe tu, nitaifunga mwenyewe nyumbani. Akasema, "Acha ubishi, mama, utaumia." Siyo ubishi. Nilijua akinifungia yeye, siku ikisumbua nitashika simu, nitakupigia Morogoro, nitasema "Masatu, gari imegoma," na wewe ulivyo utapanda basi. Nilitaka mikono yangu iwe imefika kule chini mara moja, isije ikasema haijui njia.

Kwa hiyo nilikutuma Butiama leo makusudi. Ulivyouliza kwa nini siji na wewe kumuona bibi, nikasema kiuno kinauma. Kiuno hakikuwa kinauma. Sasa kinauma kweli.

Nimetandika gunia, nikaingia chini. Wambura alikuwa amenikanya: kitu cha kwanza, kabla ya yote, chomoa waya wa hasi kwenye betri. Alirudia hilo mpaka nikamjibu vibaya. Nimesahau! Spana imegusa waya mnene na bodi kwa pamoja, ikatoka cheche, Yesu wangu, nikadhani gari imelipuka. Ndio huo mkono. Mama Nyangeta akaja mbio na ndoo ya maji, akanikuta naitukana gari kwa lugha ya Kikwaya, maneno ambayo wewe hupaswi kuyajua. Akasema, "Mama Masatu, mwite mwanao!" Nikamwambia mwanangu amesafiri. Nililitamka hivyo, amesafiri, na wewe uko Butiama tu. Lakini nilipenda lilivyosikika.

Nikachomoa waya wa betri. Nikafungua nati ya waya mnene, nikavuta ule mwembamba, nikaanza bolti. Ya chini ilitoka kwa adabu. Ya juu huioni, unaitafuta kwa vidole nyuma ya injini, na ilikuwa imekamata kwa kutu. Hapo nimelia kidogo, siyo kwa maumivu. Nilikuwa nawaza baba yako alilala hapa hapa na bomba lake, na angekuwepo ningemgombeza halafu ningemwambia ashike upande wa pili. Nikatia mafuta, nikangoja, nikavuta tena. Ikalegea. Stata ya zamani ikanidondokea kifuani, nzito kama mtoto mchanga, na ubavuni ina mashimo mashimo ya kugongwa. Nimeiweka chini ya benchi. Usiitupe, sijamaliza kuitazama.

Nikapangusa pale inapokaa, nikapandisha mpya, nikakaza bolti zote, nikarudisha waya, nikarudisha betri. Mama Nyangeta akafumba macho kama tunasali. Nikazungusha ufunguo.

Kimya. Hata "ta" hakuna.

Loo! Mkono wangu ulikuwa umeshaingia mfukoni kuchukua simu, jina lako liko juu kabisa. Nikaitazama. Nikairudisha. Nikawasha taa kubwa, zikawaka vizuri. Nikajisemea, betri nzima. Mwanzo ilikuwa inalia ta, sasa hailii, maana yake sauti haifiki. Nikaingia chini tena. Ule waya mwembamba unaning'inia, nimesahau kuuchomeka. Nikauchomeka. Nikatoka, nikakaa, nikazungusha.

Masatu, iliwaka. Hapo hapo, bila mtu nyuma. Nikaizima, nikawasha. Nikazima, nikawasha, mpaka Mama Nyangeta akasema, "Inatosha, utaimaliza leo leo!" Nimefurahi, kisha nimekaa pale ndani na injini inanguruma, nikasikia upweke umenikaa kifuani. Sitakudanganya. Muda wote gari ilipokuwa mbovu nilikuwa na uhakika wa kitu kimoja, kwamba asubuhi utatoka kwenye mlango ule. Nimejinyima uhakika huo kwa mikono yangu. Na bado ningefanya tena.

Huko uendako watakupenda haraka. Wewe ndiye mtu anayesimama wa kwanza kitu kikikwama, utasukuma magari ya watu, utabeba magunia, utakesha na ng'ombe wa mtu usiyemjua. Sikuombi uache, ndivyo ulivyo na ninajivuna. Ninachokuomba ni hiki: kuna siku mtu atakuita kila asubuhi, na atakuambia asante vizuri kabisa, na wewe utaona ukiondoka atakufa. Siku hiyo muulize gari yake inaumwa nini. Akikasirika, akasirike. Mimi ningekasirika pia, na ningepona.

Na wewe ukiwa na shida yako usiibembeleze. Una tabia ya baba yako na yangu kwa pamoja, na huo siyo mchanganyiko mzuri. Kama moyo hauna raha, au masomo yamekushinda, au umempenda mtu hakutaki, usiseme mzuri tu. Nipigie. Siyo lazima niweze kutengeneza. Nitakaa kwenye simu tu, nitasikiliza.

Na lile neno la kwenye kiti cha baba yako, leo nalirudisha. Mwenye nyumba hii ni mimi. Wewe ni mtoto wangu. Nilikupenda kabla hujaweza kusukuma hata tairi bovu, na nitakupenda ukiwa Morogoro husukumi chochote. Nilipaswa kukuambia siku ile, miguu yako ikiwa inaning'inia.

Ukirudi jioni utakuta gari siyo nyuma ya nyumba. Nimeiacha uwanjani, kwenye tambarare, pua imeelekea ukuta. Haina pa kuteremka wala pa kusukumwa. Utataka kuihamisha, ufunguo nimeuficha, usiutafute. Na kama kesho alfajiri itagoma, nitawasha taa, nitaangalia, nitaingia chini na gunia langu. Wewe utaita bodaboda ikupeleke stendi ya Bweri, utapanda basi lako, na nitakusimulia kwa simu ilikuwa nini.

Lakini haitagoma. Utakuwa umekaa kwenye benchi na kikombe chako, utasikia nimewasha. Miguu yako itataka kukimbia, naijua. Ikataze. Kaa hapo, kunywa chai yako yote mpaka sukari ya chini. Nitakusubiri kwenye gari.

Mama yako